Mizizi Katika Kaburi la Fusi

Kelepi alimzika mkewe mara moja, kama watu wote wanavyozikana. Kumfukua hakukuwahi kumpitia akilini. Neno hilo lililetwa nyumbani kwake na dada yake, Toakase, asubuhi ya Jumatatu, na katika ukoo ule dada akishaleta neno, kaka hana jibu. Mtoto wa kaka ni wa shangazi kabla hajawa wa baba. Ndivyo walivyolelewa, na ndivyo walivyolea.

Fusi alikuwa na mwaka wa sita mchangani. Kaburi lake liko penye mivinje, ukingoni mwa kijiji, upande wa magharibi wa kisiwa cha Tongatapu. Kelepi alilimwagia mchanga mweupe wa matumbawe, akalizungushia vijiwe vyeusi alivyovisugua kwa mafuta ya nazi kimoja kimoja. Kila Jumamosi alikwenda kulifagia, Jumapili ikute pasafi. Hakuzungumza naye. Fusi hakupenda maneno mengi alipokuwa hai. Angeyapendea nini sasa?

Alimwachia watoto wawili. Mkubwa ni Seini, mikono ya mama yake, akipiga magome ya kufanyia kitambaa utadhani ni Fusi amerudi. Mdogo ni Malakai. Na tabu yote ilianzia kwenye sifa za Malakai.

Maana mwanzoni Malakai alikuwa fahari. Kijana ambaye zamani ilikuwa lazima aitwe mara tatu ndipo ashike jembe, ghafla akawa halali. Alilima mchana, akalima na usiku kwa mwanga wa mbalamwezi. Shamba la viazi vikuu ambalo Kelepi na nduguze walikuwa wakilimaliza kwa wiki, Malakai alilimaliza peke yake, akarudi anatembea upesi, anaongea upesi, macho yanang'aa. Mwaka ule viazi vyao vilipelekwa kanisani vikiwa vimefungwa kwenye miti, na ilibidi watu wanne wabebe kimoja.

Kwenye duara la kava, kinywaji chao cha jadi ambacho wanaume hunywa pamoja, jirani yake Kelepi, Sitiveni, alimtania mbele ya wazee.

"Kelepi, huyo mwanao ana ugomvi gani na ardhi? Jembe lake limeninyima usingizi. Na mke wangu naye kaanza: mwenzio ana nguvu hizo usiku, wewe unakoroma tu."

Wazee walicheka mpaka kava ikamwagika. Kelepi alipokea kifuu chake, akanywa, akajifuta mdomo.

"Wako analala, wangu analima," alisema. "Kila mtu na bahati yake."

Maneno hayo yalikuja kumrudia baadaye. Yalimrudia mara nyingi.

Kitu cha kwanza kilichokwenda ni chakula. Seini alipakua majimbi na majani yaliyopikwa na nyama ya kopo, chakula ambacho Malakai alikuwa akikipigania tangu utoto, na sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Mashavu yakaingia ndani. Taya likawa halitulii. Alitafuna mchana kutwa, na kinywani hamna kitu. Akiulizwa, anasema ameshiba.

Halafu akaifungua pampu ya maji. Haikuwa imeharibika. Aliketi juu ya mkeka nyuma ya nyumba, akatoa kila parafujo na kila pete, akazipanga kwa ukubwa, akazivuruga, akazipanga tena. Kivuli cha nyumba kilimpita, kikaenda, yeye hajainua kichwa. Kelepi alimwendea akamwuliza ni nini kimeharibika.

"Nazipanga, baba. Zikishakaa sawa nitarudisha."

Hazikurudi. Tangu siku ile Seini akawa anateka maji kwa jirani.

Kelepi alijua kuna jambo. Asilolijua ni lipi. Malakai alilala kwenye kijumba cha nyuma, kama kijana yeyote wa pale, kwa kuwa kaka halali paa moja na dada yake. Naye dada hakanyagi kijumba cha kaka, hagusi kitanda chake, hatamki mbele za watu lolote la aibu linalomhusu. Baba naye hana sababu ya kuchungulia malazi ya mtu mzima. Desturi ile iliwekwa kulinda heshima. Mwaka ule ililinda kitu kingine.

Ikafuata hofu. Malakai alianza kusema kuna watu ndani ya mshelisheli, wanamchungulia. Akaupanda akakata matawi yote, mti ukabaki kama kidole. Watu wakahamia kwenye dari. Akawa anajikuna mikono mpaka damu, anasema kuna vitu vinatambaa chini ya ngozi, virefu, vyembamba, vinasukuma njia kuelekea kwenye mfupa. Vidonda vyake havikupona, maana havikupewa nafasi.

Halafu ikaja ile Jumapili. Walikuwa wametoka kanisani, tanuri la ardhini limefunuliwa, Kelepi ndiyo kwanza ainamishe kichwa kushukuru. Malakai aliinuka, akaupiga teke mlango wa chumba cha dada yake, akaingia. Alipindua godoro, akachana neti, akauliza wamejificha wapi. Seini alipomsogelea alimsukuma. Akaanguka kwenye pembe ya sanduku la mama yake, paji la uso likapasuka.

Kelepi alikuwa mzee. Alishaona vimbunga, alishaona mtu akifa kwenye ngalawa. Kaka kuingia chumba cha dada yake hajakuona. Alisimama na kiazi mkononi. Hakujua hata aseme neno gani, kwa sababu hapakuwa na neno la jambo hilo.

Ndipo Toakase akaja, Jumatatu asubuhi, amejifunga mkeka kiunoni kama mtu anayekwenda msibani. Kelepi, akiwa kaka, alikaa chini, upande wa mlango, kama ilivyompasa.

Toakase hakuanza na kaka yake. Alimwita Malakai, akamkalisha mbele yake, akamshika ile mikono yenye vidonda. Akamwuliza usiku anasikia nini.

"Mama ananiita."

"Anasemaje?"

"Jina langu tu, shangazi. Analiita kama mtu anayeumwa."

"Na hivi vinavyotambaa, vikoje?"

Malakai alifikiri. "Kama mizizi," alisema.

Toakase aliiachia mikono ile. Jambo lenyewe halikuhitaji maelezo, kila mtu pale amelijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake: maiti akichomwa mfupa na mzizi, maumivu humpata jamaa aliye hai, pale pale kwenye mfupa ule ule, wala hayaachi mpaka kaburi lifunguliwe na mzizi utolewe. Toakase mwenyewe mama mkwe wake alipona goti hivyo. Na kaka anayeingia chumba cha dada yake, alisema, huyo si kaka tena, huyo amevaliwa na mtu.

"Fusi anateseka, kaka, nawe unamfagilia juu juu. Mivinje ile ina mizizi ya kufika kuzimu. Utamfungua Alhamisi. Kitambaa kipya cha kumfungia nitakileta mimi."

Kelepi alitazama mkeka. "Nimesikia, dada," alisema.

Jumatano, jua likiwa bado juu, Seini alimkuta baba yake anawalisha nguruwe. Alikuwa na jani la mgomba limekunjwa. Alilifungua juu ya ukuta wa banda. Ndani yake mlikuwa na kibomba cha kioo, kichwa chake cha mviringo kimeungua kikawa cheusi, na kijifuko cha nailoni chenye punje mbili tatu nyeupe, kama chumvi ya mawe.

Kelepi aliuliza ni nini.

"Aisi, baba. Ile wanayoileta kutoka mjini. Wanaiunguza humo wanavuta moshi. Nilikiona kupitia mlangoni kwake tangu msimu wa kupanda, mwaka juzi. Nikajiambia sikuona."

"Na umekichukuaje?"

"Nimeingia." Uso wake ulikuwa umevimba, jicho moja halifunguki vizuri. "Yeye aliingia kwangu, nami nimeingia kwake. Tumeshalingana. Usimfukue mama, baba. Mama hana kosa."

Kelepi alikishika kile kibomba. Kilikuwa chepesi sana. Alikigeuza, akakinusa, akakirudisha kwenye jani. Nguruwe walikuwa wakigombana miguuni pake. Akawamwagia chakula kilichobaki.

"Mzizi ukiwepo, unang'olewa," alisema mwishowe. "Hiki, mwanangu, nitaking'oa vipi?"

 Seini alikunja jani akaondoka nalo. Na huo ndio ukweli wote wa ile Alhamisi: Kelepi hakudanganyika. Alikuwa na njia mbili mbele yake, akaifuata ile yenye mwisho.

Walikwenda asubuhi, umande haujakauka. Sitiveni ndiye aliyechimba kaburi mara ya kwanza, akashika sepetu tena, na vijana wake wawili wakamsaidia. Toakase alikaa kando juu ya mkeka, kitambaa kipya cha magome kimekunjwa mapajani, chupa ya mafuta pembeni. Malakai walimweka karibu, aone, apone. Seini hakuja.

Vijiwe vyeusi aliviondoa Kelepi mwenyewe. Alivirundika chini ya mvinje kwa mpangilio, ili virudi kama vilivyokuwa. Mchanga ulitoka mweupe, kisha ukatoka wa rangi ya chai. Sitiveni, ambaye hakosi mzaha, siku ile hakutania. Alipofika chini aliweka sepetu, akaendelea kwa mikono.

Jeneza lilikuwa limelainika, kifuniko kimeshuka. Vile vitambaa Fusi alivyovipiga kwa mikono yake mwenyewe, wakamfungia, vimekuwa kama majani makavu. Sitiveni alivifunua polepole. Fusi alikuwa mle. Alikuwa mdogo. Kelepi hakukumbuka kwamba alikuwa mdogo hivyo. Mifupa ilikuwa safi, imelala kama ilivyolazwa, mkono mmoja juu ya mwingine.

Sitiveni alipapasa pembeni, akapapasa chini ya kichwa, chini ya mgongo. Akainua uso.

"Hamna kitu, Kelepi. Hata unywele wa mzizi. Mivinje haijafika huku."

"Tazama vizuri," Toakase alisema.

"Nimetazama, mama. Huyu mtu alikuwa amelala zake."

Kelepi alisikia neno hilo likimwingia. Alikuwa amelala zake. Aliinama aseme basi, wamfunike, na wakati huo huo Malakai akapiga kelele kwamba wote ni vipofu.

"Imejaa! Baba, si unaiona? Imejaa!"

Aliruka ndani kabla mtu hajamshika. Sitiveni alibanwa kwenye ukuta wa mchanga. Malakai alipiga magoti juu ya mama yake, akaanza kufukua kwa vidole vyote, kama mbwa, anatupa vitambaa huku na huku, anahema, anasema naitoa mama, naitoa, vumilia. Akashika mfupa wa mkono, ule wa juu, uliokuwa umelala juu ya mwenzake. Akauvuta. Ukaja bila kukataa.

Alisimama nao. Aliuinua juu, mchanga unamdondoka kichwani, na uso wake ukafunguka kwa kicheko. Kelepi hakuwa amekiona kicheko kile tangu mama mtu afe. Kilikuwa kicheko cha mtoto aliyepata samaki.

"Huu hapa, baba. Nimeupata. Shika."

Kelepi alinyoosha mikono akaupokea.

Walimtoa kwa nguvu, watu watatu, na wakamfunga kwa kamba ya nguruwe kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Alimuuma mmoja begani. Toakase aliinuka akaenda zake na kitambaa chake kipya. Hakumwaga machozi wala hakumtazama kaka yake. Kelepi aliteremka mwenyewe kaburini. Alimlaza mkewe tena, mkono juu ya mkono, akakusanya vitambaa vilivyochanika. Akavua shati lake, akamfunika nalo. Hakuwa na kingine.

Malakai alipelekwa mjini siku ile ile, nyuma ya gari la polisi. Hospitali walimweka kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, na mara ya kwanza Kelepi kwenda alimkuta amelala, na ya pili amelala, kama mtu anayelipa usingizi wote aliokuwa ameukopa.

Muuguzi wa wodi ile, mwanamke wa makamo, alimkalisha kwenye benchi. Alitaja jina refu, methamfetamini, akaona halikufika popote, akaliacha.

"Baba, kichwani mwetu kuna kisima cha furaha," alimwambia. "Ukila kitamu, ukimwona mjukuu, linatoka tone. Moja, mawili. Hii aisi inakipasua kisima, inamwaga yote kwa siku moja. Mtu anajiona ana nguvu, hachoki, halali, njaa haimjui. Halafu kisima kinakauka, anarudi kuvuta ili yatoke mengine, na kila akirudi zile njia za maji zinaungua. Ndipo masikio yanasikia sauti ambayo haipo. Ngozi inatambaa bila mdudu. Anamwogopa dada yake mwenyewe."

Kelepi aliuliza kama nguvu zile za kutolala huja mwanzoni.

"Mwanzoni kabisa. Huko ndiko inakowanasia. Wengine wazazi wao huwasifu."

 Kelepi akauliza kama kisima kitarudi.

"Kitarudi kidogo, akiacha kabisa. Polepole. Chote, siwezi kukuahidi."

Kelepi alirudi kijijini. Kwenye duara la kava walimpisha mahali pake, wakampa kifuu chake, na hakuna aliyetaja jembe. Sitiveni alijaribu mzaha mmoja kuhusu jogoo wa mchungaji, watu wakacheka kidogo kuliko ilivyostahili. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema ni nani humuumbua yule aliyeyatangaza kwa majivuno, akidhani ni afya.

Seini alihama. Alikwenda kukaa kwa shangazi yake, na baba hakumzuia. Binti hawezi kungoja nyumbani kaka aliyeingia chumbani kwake. Toakase anaendelea kusema mzizi ulikuwepo, ila wanaume waliharakisha. Akimwona Malakai barabarani, ametulia, nguo safi, huwaambia watu: si mnamwona, si amepona?

Maana Malakai alirudi. Hana vidonda. Meno ya mbele yamekwisha, mkono wa kushoto unatetemeka, na maneno humtoroka katikati ya sentensi akabaki anayatazama yanakokwenda. Hagombani na mtu. Ukimpa jembe analima tuta moja, anasimama, mpaka uje umwambie lifuatalo. Kelepi humpikia majimbi na majani na nyama ya kopo. Anakula. Ukimwuliza ni tamu, anasema ndiyo, baba, kama mtu anayejibu kanisani. Pampu ya maji bado iko ndani ya gunia, vipande vipande.

Jumamosi wanakwenda pamoja kufagia. Vijiwe vyeusi vilirudishwa mahali pake, ila mchanga mpya haujaungana na wa zamani, mtu anayejua anaona mstari. Juzi Malakai alikuwa akifagia mahali pamoja tu, pale pale, ufagio unakwenda na kurudi mpaka mchanga ukachimbika. Kelepi alimshika bega. Kijana akasimama. Akalitazama kaburi kwa muda mrefu, uso umekunjamana, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Baba," alisema, "kuna kitu nilimfanyia mama hapa. Kizuri. Nilimng'olea mzizi, sivyo?"

"Ndiyo."

"Uliutupa wapi?"

Kelepi aliinama akaokota jani la mvinje juu ya mchanga, na lingine, na lingine.

"Niliurudisha ulikotoka," alisema. "Fagia na upande huu."